Kama ukimya unakushinda, anza meditesheni na handipani

Watu wengi wanaoniuliza habari za meditesheni wanasema kitu kilekile, kwamba wakifumba macho tu kichwa ndo kinaanza kelele, kazi, madeni, neno aliloambiwa na mtu juzi, vyote vinakuja kwa pamoja, basi mtu anaamua haya mambo hayamfai na anaacha. Mi nawaambia msianze na ukimya. Mimi mwenyewe nimeanza na muziki wa handipani na ndo umenifanya niendelee mpaka leo, kwa sababu kukaa kimya tu bila kitu cha kushika kulikuwa kunanipa wasiwasi kuliko utulivu, sauti ile ikanipa pa kuweka akili.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, handipani ni chombo cha chuma, vipande viwili vyenye umbo la kuba vimeunganishwa kingo kwa kingo, mpigaji anakipakata mapajani na anakipiga kwa vidole na viganja, hamna fimbo. Juu katikati kuna noti moja nzito inaitwa ding, pembeni yake zinazunguka noti nyingine saba au nane hivi, na chini kuna tundu. Cha kwanza cha aina hii kiliitwa Hang, kilitengenezwa Bern, Uswisi, mwaka 2000 na Felix Rohner na Sabina Schärer wa kampuni ya PANArt, watu waliokuwa wameshafanya kazi miaka mingi na stilipani, chombo chenye asili ya Trinidad na Tobago. Wao waliacha kutengeneza Hang mwaka 2013, ila siku hizi mafundi wapo nchi nyingi sana na rekodi zimejaa kwenye intaneti.

Sasa kwa nini handipani na sio muziki mwingine wowote wa polepole? Kwanza noti zake ni chache na zote ni za skeli moja, yaani mpangilio mmoja wa noti zinazoendana, kwa hiyo chochote kitakachopigwa kinapatana na kilichotangulia, sikio lako halikai kwa kujiandaa na mshtuko. Pili, na hili ndo kubwa, kila noti imerekebishwa na fundi ili ndani yake zilie sauti tatu, noti yenyewe, oktavu yake, yaani noti hiyohiyo ila juu zaidi, na noti ya tano juu ya hiyo oktavu, mitetemo yake ni uwiano wa 1, 2, 3. Ndo maana mguso mmoja tu wa kidole unasikika umejaa. Halafu sauti haikatiki, inabaki hewani sekunde kadhaa inapungua, inapungua, mpaka unashindwa kujua imeisha saa ngapi.

Hapo pa mwisho ndo meditesheni yenyewe ilipo. Sio kwenye melodi.

Wengi wanaiweka handipani ichezee nyuma huku wanapika au wanajibu meseji, ni kitu kizuri, inapumzisha, lakini sio ninachokisema mimi. Ninachosema ni ukae, uchague noti moja, uifuate kuanzia inapogongwa mpaka inapopotea kabisa. Halafu uchukue nyingine. Usijaribu kufuata zote maana utachoka, ding peke yake inatosha kwa siku za mwanzo, ni nzito na inarudi mara kwa mara, na ikilia acha pumzi itoke pamoja nayo bila kuilazimisha, kama pumzi imeisha kabla ya sauti, sawa, kama sauti imeisha kwanza, sawa pia.

Akili itaondoka. Utashtuka uko kwenye ugomvi wa wiki iliyopita, unajibu hoja ambayo hukuijibu siku ile. Usijigombeze, subiri tu noti inayofuata na urudi nayo, na uzuri wa handipani ni kwamba noti inayofuata ipo njiani tayari, huhitaji kutafuta pa kurudia. Kule kurudi ndo zoezi. Mtu aliyerudi mara nyingi ndani ya dakika tano amefanya kazi kubwa, hata kama mwenyewe anaona kikao kimeharibika, na hili nalisisitiza sana kwa sababu ndo linalowakatisha watu tamaa bila sababu.

Kuhusu kuchagua rekodi, tafuta handipani peke yake, isiyo na mtu anayeongea juu yake, wala midundo ya kompyuta. Wapigaji wenye kasi kama Manu Delago au kundi la Hang Massive ni wazuri mno na mi nawapenda, ila vingi vya vipande vyao vina mdundo unaokuvuta ucheze, wasikilize wakati mwingine. Kwa kukaa unataka mpigaji anayeacha nafasi kati ya noti na noti. Skeli ya D Kurd utaikuta kila mahali, ina huzuni kidogo lakini ni laini, pa kuanzia pazuri. Ding yake huwa iko kama 147 Hz, yaani mitetemo 147 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu inaidhoofisha sana sauti nzito kama hiyo, kwa hiyo tumia hedifoni au spika kubwa kidogo, na sauti iwe ya chini, ya kukufanya utege sikio.

Utaona pia video zimeandikwa 432 Hz, yaani noti A imewekwa hapo, kwamba zinaponya hiki na kile. Kipimo cha kawaida cha noti A ni 440 Hz, kiliwekwa kimataifa mwaka 1955, na tofauti ya hizo mbili haifiki hata nusu ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda. Mi sichagui kwa namba hiyo, nachagua kwa mwendo wa mpigaji, na wewe usiache rekodi nzuri kisa imeandikwa 440.

Pakua kabisa rekodi, zima notifikesheni, maana tangazo likiingia katikati linakushtua mwili mzima. Dakika tano mpaka kumi zinatosha. Kaa kwenye kiti mgongo umenyooka, ukilala utasinzia, na kama shida yako ni usingizi basi lala kweli usikilize ulale, hamna ubaya, ila hesabu huo kama usingizi. Usifanye ukiwa unaendesha gari. Na kama ukikaa hivyo kuna kumbukumbu nzito zinakuja mpaka mwili unatetemeka au pumzi inabana, fumbua macho, simama, zima muziki, na uongee na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuendelea, usijikaze peke yako.

Baada ya muda utaanza kuona nafasi kati ya noti hazikusumbui tena. Ukifika hapo, muziki ukiisha usiamke, baki umekaa dakika moja bila kitu, siku nyingine mbili, ongeza taratibu. Wapo wanaofika mahali wanakaa bila muziki kabisa, wapo wanaobaki nao miaka, mi bado nautumia siku ambazo nimetoka kazini kichwa kimechemka na siku nyingine nakaa bila.