Mnaoanza kazi ya chemsha bongo, kaeni kwanza muangalie Jeopardy! ilivyobadilika

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza kazi kwetu, kila mwaka ni stori ileile, mtu anaingia siku ya kwanza na daftari lina mawazo arobaini ya kubadilisha kipindi, sijui muziki mpya, sijui raundi ya kudansi, sijui mtangazaji aingie studio na bodaboda. Siwacheki, mi mwenyewe nilikuja hivyohivyo. Ila kabla hujanionyesha hilo daftari nataka ukae usikilize kitu kimoja ambacho mimi kimenichukua miaka kukielewa.

Nimefanya chemsha bongo za shule za sekondari hapa Dodoma muda mrefu kidogo, tulianza redioni, baadae tukawa tunarekodi na kamera, na mimi kazi yangu ni kuandika maswali na kukaa meza ya waamuzi. Nusu ya hii kazi nimeijua kwa kukosea mbele za watu. Nusu nyingine nimeijua usiku nikimaliza bando YouTube kuangalia vipande vya zamani vya Jeopardy!, kile kipindi cha Wamarekani kilichoanza kwenye stesheni ya TV ya NBC tarehe 30 Machi 1964. Kilisimama 1975, kikajaribu kurudi 1978 kikadumu miezi tu, alafu Septemba 1984 kikarudi na mtangazaji Alex Trebek na toka hapo hakijatoka hewani.

Kwa asiyekijua: kuna bodi ina mada sita, kila mada vidokezo vitano, ukimaliza hivyo thelathini inakuja raundi ya pili thelathini vingine hela mara mbili, alafu kimoja cha mwisho ambacho kila mtu anaweka dau na kuandika kimyakimya. Jumla 61. Na kituko chake ni kwamba wewe unapewa jibu, unatakiwa urudishe swali, yaani kama kitendawili kilichogeuzwa tumbo juu. Sasa chukua mtu aliyekiangalia 1964, mlete leo mkalishe mbele ya TV, ataelewa kila kinachoendelea ndani ya dakika mbili. Mada sita, vidokezo vitano, washiriki watatu, dau la mwisho. Miaka sitini mifupa haijaguswa, wakati ukifungua mashine yenyewe unakuta karibu kila skrubu imebadilishwa. Na kila skrubu ilibadilishwa kwa sababu kuna shimo mtu aliliona. Hakuna aliyekaa tu akasema "tumechoka na hii". Hapo ndo daftari lako linapofeli, ndugu yangu, lina mawazo arobaini ila halina shimo hata moja.

Hata kuzaliwa kwake ni shimo. Miaka ya 1950 Marekani chemsha bongo za TV zilikuwa na hela nyingi kumbe baadhi zilikuwa zimepangwa, mshiriki anapewa majibu mapema. Kwenye moja inaitwa Twenty-One kuna mshiriki anaitwa Charles Van Doren, msomi mzuri tu, nchi nzima inampenda, 1959 akaenda kukiri mbele ya kamati ya bunge lao kwamba alikuwa anapewa. 1960 wakaweka sheria kwamba kupanga matokeo ni kosa. Watu wakaziogopa chemsha bongo kama ukoma. Sasa mtayarishaji wa vipindi, Merv Griffin, alitaka kutengeneza mpya, mke wake Julann wakiwa kwenye ndege akamwambia kwa utani, si uwape majibu tu wao watafute maswali? Kipindi kikatoka humo.

Leo hii kwao washiriki hawachangamani na waandishi wa maswali, na mtangazaji hapigi nao stori kabla ya mechi. Mimi nilidhani ni maringo ya wazungu mpaka siku mwalimu mmoja wa shule ambayo siitaji aliponipigia jioni, "mwalimu mwenzangu naomba tu kamwongozo kidogo, watoto wasiaibike". Hakuniahidi hela, aliniahidi kreti la zabibu. Zabibu! Dodoma hii! Nikakataa, ila nikajiuliza wangapi wameshapigiwa wakakubali, maana wakati ule maswali yalikuwa kwenye simu za watu wanne. Siku hizi bahasha ni moja, anayo mtu mmoja, na kila mechi ina seti tatu tunachagua kwa kura asubuhi yake. We mgeni usiombe kuziona, na usione vibaya ukinyimwa.

Sasa kengele. Hapa nitakaa sana mnivumilie maana ndo kitu kilichonifanya niheshimu hii kazi.

Msimu wa kwanza wa Trebek, 1984 hadi 1985, mshiriki aliruhusiwa kubonyeza kitufe mtangazaji akiwa bado anasoma. Kilichotokea unaweza kukiotea: kelele za vitufe juu ya sauti yake, na mtu wa nyumbani kabla hajamaliza kusoma kidokezo kwenye skrini, jibu limeshatolewa, yaani amenyimwa haki yake ya kubahatisha pale kwenye kochi. Msimu wa pili wakabadilisha. Unasubiri asome mpaka neno la mwisho, kuna mtu pembeni ya jukwaa anafungua vitufe kwa mkono, na taa ndogo pembeni mwa bodi zinawaka, washiriki wanaziona we wa nyumbani huzioni. Ukiwahi kabla ya taa unafungiwa robo sekunde. Robo sekunde inaonekana si kitu ila wenzio wawili wameshapita.

Turudi Dodoma. Sisi tulikuwa na kengele za mezani, zile za mapokezi hotelini, unapiga ngii. Nasoma "Mto gani mkubwa nchini Tanza..." ngii! Mtoto anasema Rufiji. Ukumbi unalipuka. Kumbe swali langu lilikuwa linaendelea "...unaotenganisha Tanzania na Msumbiji", jibu Ruvuma. Nikasema kosa. Walimu wake wakasimama, mmoja akaja mpaka mezani, anasema swali lilivyofika pale jibu ni Rufiji na hana kosa. Na kiukweli hakuwa na kosa! Mwingine anadai mtoto wake alipiga kwanza ila kengele yake imejaa vumbi haitoi sauti, na hilo nalo kweli, vumbi la Dodoma la mwezi wa nane mnalijua. Tulimaliza saa moja usiku mechi iliyotakiwa kuisha saa kumi.

Nilivyorudi kuangalia hayo mambo ya 1985 nikaona aibu, wenzetu walishaumia hapa miaka mingi nyuma wakaliziba, na sisi tunaumia upya bure. Tukaenda kwa fundi redio mmoja pale Majengo, akatutengenezea vitufe vitatu na balbu, cha kwanza kikiwaka vingine vinakufa, kwa hela ambayo haifiki bei ya gunia la mahindi. Kufungua vitufe tukamuweka kijana na tochi, amekaa nyuma ya spika, nikimaliza kusoma anawasha kuelekea washiriki. Akiwahi mtu kabla ya tochi, anakaa nje ya swali hilo zima, maana robo sekunde sisi hatuna mtambo wa kuipima. Ugomvi wa kengele ukaisha. Na kitu ambacho sikukitegemea, wasikilizaji wakaanza kutuma meseji kwamba sasa wanajibu nyumbani na watoto wao, kwa sababu sasa wanasikia swali lote. Mimi nilikuwa natatua ugomvi wa walimu, kumbe shimo kubwa lilikuwa kwa msikilizaji.

Ndo maana wageni wote kwetu wanaanza kwenye tochi. Wengi wananuna, mtu ametoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na digrii ya mawasiliano ya umma anapewa tochi. We shika tochi mwezi mmoja uone kama hutajua mdundo wa kipindi kuliko prodyuza.

Hela sitakaa sana. 1964 kidokezo cha chini dola 10 cha juu 50, 1984 ikawa 100 mpaka 500, Novemba 2001 wakazidisha mara mbili, raundi ya pili cha juu kabisa dola 2,000. Hayo ni bei za maisha tu kupanda. Kinachofundisha ni nani anaondoka nayo. Zamani wote watatu walibeba walichokusanya. Ubaya wake mtu akishapata hela aliyoifuata anakunja mikono, hajibu tena, asije akapoteza. 1984 wakasema hela anabeba mshindi peke yake, wengine zawadi, na kuanzia 2002 mpaka 2023 wa pili alikuwa anapewa dola 2,000 na wa tatu 1,000. Sisi tulikuwa tunatoa madaftari sawa kwa wote ili tusivunje mioyo ya watoto, na kila mechi dakika kumi za mwisho ilikuwa kama mnada ulioisha. Siku hizi mshindi anabeba kamusi na vitabu vya maktaba ya shule, waliobaki wanapata madaftari na nauli. Nauli msiisahau, kuna shule zinatoka Mpwapwa na Kondoa huko, watoto wamekaa kwenye kosta toka alfajiri.

Alafu kuna lile la bingwa. Kwao zamani ukishinda siku tano mfululizo unaagwa kwa heshima, nafasi wapate wengine. Septemba 2003 wakaondoa kikomo, shinda mpaka upigwe. Mwaka uliofuata akatokea Ken Jennings, akashinda mechi 74 mfululizo, dola 2,520,700, na watu ambao walishakiacha kile kipindi wakarudi kila jioni kuangalia nani atamwangusha. Aliangushwa na mama mmoja, Nancy Zerg, mwisho wa Novemba 2004. Sisi tulikuwa na sheria yetu, shule ikibeba kombe misimu miwili inapumzika mmoja. Tuliona ni haki. Kumbe ile shule waliyokuwa wanaichukia wote ndo ilikuwa inajaza ukumbi! Msimu iliyopumzika viti vya nyuma vikabaki wazi, watu wanauliza "wale wenye kiburi wako wapi". Tukaifuta sheria. Bado kuna mwenzetu mezani anapinga, anasema tunazipendelea shule zenye maktaba, na hoja yake ina uzito, sijapata jibu la kumridhisha.

Maswali yenyewe, kwa mnaotaka kuja upande wangu. Niliwahi kuandika "Serikali ilihamia Dodoma mwaka gani?" nikajiona nimeweka la kuwafurahisha watu wa nyumbani. Binti akajibu 1973. Kwenye karatasi yangu ilikuwa 2016. Nikasema kosa, wa pili akasema 2019. Kosa. Kisha nikakaa nikafikiria mwenyewe jasho linanitoka: 1973 ndo uamuzi wa kuhamia ulifanyika, 2016 Waziri Mkuu akahamia, 2018 ikatungwa sheria ya makao makuu, 2019 Rais akahamia. Wote wawili wana pa kusimamia, mjinga ni aliyeandika swali. Jeopardy! wana waamuzi pembeni wanahakiki majibu mechi ikiendelea, na wakikuta wamekunyima pointi isivyo haki wanakurudishia mnaporudi kutoka matangazo, mbele ya watu, bila kuona haya. Nami siku ile nilisubiri mapumziko, nikashika maiki nikasema swali ni bovu, tunalifuta, linakuja lingine. Niliogopa tutadharaulika. Walimu walipiga makofi, yule binti hakupiga, alikuwa ameshapoteza mood na akafungwa mechi ile kwa pointi tano. Hiyo huwa ninaikumbuka.

Kwa hiyo ukiniletea swali nitakuuliza jibu la pili ni lipi. Sio la kwanza, la pili. Usiponiambia umelitafuta ukalikosa, swali linarudi kwako.

Mtangazaji naye mtauliza, maana wengi mmekuja mkitaka maiki. Trebek alikaa misimu 37, alirekodi mara ya mwisho siku kumi kabla ya kufariki tarehe 8 Novemba 2020. Wakahangaika na watangazaji wa muda, wengine wazuri wengine hovyo, mwisho kiti akapewa Ken Jennings, huyohuyo wa mechi 74. Mtu aliyekaa upande wa vitufe. Wetu wa sasa alianza na tochi, sisemi zaidi.

Jumamosi hii tunarekodi mechi tatu kwa mpigo, saa mbili asubuhi kabla upepo haujaanza kuingia kwenye maiki. Waliopangiwa waje na betri za tochi za akiba, zile za wiki iliyopita zilikufa mechi ya pili na nikamalizia kwa kuinua mkono kama trafiki.