Mume wangu "ameamka", mimi ananiita Hajiri

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Bagamoyo. Mume wangu ni fundi seremala, anachonga milango ya nakshi. Tangu Kwaresima anakwenda jioni kwa wenzake kusoma Biblia, na sasa anasema ameamka. Misri ni mwili, jangwa ni mawazo, Kanaani ni moyo uliotulia. Jumuiya haendi tena, eti wale wanasoma herufi tu na andiko huua. Usiku anakesha sebuleni, mchana analala. Mlango wa mteja umeegemea barazani, umechongwa nusu, na arbuni tumeshaila. Nikimuuliza anasema ameahidiwa raha, tusubiri. Kinachoniuma zaidi, ananiita Hajiri mbele ya watoto: Sara ni roho, mimi ni mwili. Mama anataka nirudi Pangani. Lakini nisikufiche, kuna usiku alinieleza ngazi ya Yakobo mpaka nikalia, na hayakuwa machozi ya uchungu. Je, hii ni dini au shetani? Na mimi kweli nimelala?*
*Aliyelala, Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu. Shetani tumwache kwanza, hana kosa hapa.

Usomaji wa mumeo ni wa zamani sana na una heshima zake. Origen wa Aleksandria, karne ya 3, alichukua Hesabu sura ya 33, ile orodha ya vituo ambayo wengi wetu tunairuka, akavisoma vituo 42 vya Waisraeli kutoka Misri kama hatua za roho inayopanda kwa Mungu. Yohane Kasiano, karne ya 5, alifundisha kwamba Yerusalemu husomwa kwa namna nne: mji wa Wayahudi, Kanisa, mji wa mbinguni, na roho ya mtu. Angalia lakini kinachotangulia katika namna hizo nne. Ni mji wenyewe, wenye mawe na malango. Maana ya ndani iliwekwa juu yake, haikuubomoa. Na hapo mjini kwenu kutafuta undani wa maneno ya Mungu si jambo geni. Zikri za Qadiriyya, tarika ya Kisufi, zilishika mizizi Bagamoyo enzi za Sheikh Ramiya, aliyefika pwani akiwa mtumwa na kufariki mwaka 1931 akiwa sheikh mkubwa. Majirani zako wanakesha kwenye zikri, na kukicha mwenye duka anafungua duka lake.

Sasa hili la Hajiri. Hapa nina hasira kidogo, univumilie.

Mumeo amelitoa kwa Paulo, Wagalatia 4. Paulo mwenyewe anasema mambo hayo "husemwa kwa mfano", na mfano wake ni wa maagano mawili, Hajiri moja na Sara la pili. Alikuwa anabishana na watu wa makanisa ya Galatia juu ya torati, wala hakuwa mezani anamsema mama watoto. Kulichukua neno lile na kumbandika mwanamke anayekupikia ndiyo kusoma herufi kwenyewe, tena herufi ya mtu mwingine.

Halafu mwambie asirukie kwa Paulo kabla hajapita Mwanzo. Sura ya 16, Sarai anamwita Hajiri "mjakazi wangu", Abramu anasema "mjakazi wako". Hakuna kati yao anayelitamka jina lake. Wa kwanza kumwita kwa jina ni malaika wa BWANA, tena amemkuta kwenye chemchemi njiani, mja mzito, amekimbia mateso. Anampa ahadi ya uzao usiohesabika. Naye Hajiri anamjibu Mungu kwa kumpa jina: "Wewe, Mungu uonaye mimi." Mjakazi huyo! Nenda sura ya 21. Amefukuzwa, maji yamekwisha kwenye kiriba, mtoto amemlaza chini ya kichaka, yeye amekaa mbali ili asimwone akifa. Ndipo "Mungu akamfumbua macho yake, naye akaona kisima cha maji." Akajaza kiriba, akamnywesha kijana.

Mumeo anatafuta habari ya mtu aliyefumbuliwa macho, na habari hiyo ni ya Hajiri. Macho yalipofunguka hakuona nuru wala siri ya mbingu ya saba. Aliona maji, na mwanawe alikuwa na kiu. Muulize jirani yako aliyekwenda hija kwa nini alikwenda mbio kati ya Safa na Marwa. Atakwambia ni nyayo za huyo huyo mama, na huenda bado ana zamzam ya kukuonjesha. Kwa hiyo kama mumeo anasisitiza wewe ni Hajiri, ahadi unayo na macho unayo. Hata hivyo jina hilo lisitajwe tena mbele ya watoto. Hili usilijadili, mwambie tu, mara moja, mkiwa wawili.

Kuhusu raha aliyoahidiwa. Yohane wa Msalaba, mtawa Mkarmeli wa Hispania aliyefariki mwaka 1591, aliyajua maono kuliko hao wenzake mumeo wa jioni. Alionya kwamba neno la Mungu linaweza kuwa kweli kabisa, na sisi tukalielewa vibaya kabisa. Mfano wake mmoja ni Yakobo: aliahidiwa kwamba atapandishwa tena kutoka Misri, akafia Misri. Ahadi ilitimia kwa uzao wake, miaka mingi baadaye. Ndiyo maana mtu hauzi kitanda kwa sababu ya ahadi, wala haachi kazi. Na "andiko huua" ni neno la Paulo aliyekuwa anashona mahema Korintho, aliyewaandikia pia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Huyo huyo, katika Waefeso 1:14, anamwita Roho arabuni ya urithi wetu. Msomee mumeo mstari huo akiwa amekaa pale barazani, karibu na ule mlango. Mtu anayesema amepokea arbuni ya Mungu anailaje arbuni ya mteja?

Umeuliza kama umelala. Yale machozi yako ya usiku ule si ya mtu aliyelala, mwanangu, na usimwachie mumeo ayamiliki kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anasoma. Mwombe akusomee tena, safari hii msiishie kwenye ngazi. Yakobo anaamka Betheli, anasema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Anaweka nadhiri, na ndani ya nadhiri ile mna mkate wa kula na nguo za kuvaa. Kisha anakwenda kwa Labani kuchunga kondoo, miaka 20 mizima. Sura ya 31 anasimulia mwenyewe: mchana jua, usiku baridi, usingizi ukamtoka machoni. Huo nao ulikuwa mkesha.

Usibishane naye aya kwa aya saa nane za usiku, utachoka wewe kabla yake. Zungumza naye asubuhi. Muulize nani anaongoza kile kikundi cha jioni, na kama kuna sadaka inayotoka mfukoni mwenu. Ikiwa ipo, pesa za chakula na ada zikae kwako kuanzia sasa. Mtafute paroko, au katekista mzee ambaye mumeo anamheshimu, akae naye kama msikilizaji, asimfanyie mashitaka. Watu wa sala wa zamani walikuwa na viongozi wa kiroho kwa sababu walijua mtu peke yake hujidanganya. Na hili ulitazame kwa makini: akipitisha usiku kadhaa bila usingizi hata mchana, akaacha kula, akaanza kusikia sauti zinazomwamuru, mpeleke hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Daktari hapingani na sala.

Mama yako ana haki ya kuogopa. Kwenda Pangani wiki moja shule zikifungwa si kuvunja nyumba, ila usiondoke kimyakimya. Mwambie mumeo siku unayokwenda na siku unayorudi, na watoto nenda nao wote watatu.