Meli ya Mei kwenda Norwei: hesabu za kufanya kabla hujalipia kabini

Matangazo ya meli za kitalii yana msimu wake. Mwaka unapoelekea kuisha yanaanza kuingia kwenye simu moja baada ya jingine: fyodi za Norwei, mwezi Mei, kabini yenye dirisha, bei imekatwa. Watu wangu wa hapa Dodoma hunitumia picha ya tangazo na neno moja tu, "Vipi?", kwa kuwa wanajua nilikwenda huko mwezi huohuo na wifi yangu. Nimejibu kwa jumbe za sauti mpaka koo limechoka, kwa hiyo leo naandika.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mei inafaa kwa mtu anayekifuata kile ambacho Mei inacho. Anayefuata punguzo peke yake afikirie mara mbili, hasa akiwa anaanzia safari huku kwetu.

Nina nyumba ndogo ya wageni Area D, kwa hiyo punguzo la msimu nalijua kwa ndani. Bunge la Bajeti likikaa, Aprili hadi Juni, vyumba havishikiki mji mzima. Bunge likiahirishwa napunguza bei ya chumba ili kisilale kitupu, lakini unga wa chapati, umeme na sabuni vinabaki palepale. Meli nazo zinafanya hivyohivyo. Mwanzo wa msimu wanachokikata ni bei ya chumba. Tiketi ya ndege, visa, bima, bahshishi ya wahudumu inayokatwa kila siku, safari za kushuka bandarini na nguo za baridi haviangalii kama umekwenda Mei au Julai. Mjerumani anayeishi Hamburg anafika melini kwa treni ya mjini, kwa hiyo kabini ndiyo karibu safari yake yote, na ikipungua robo anaona tofauti mfukoni. Wewe wa Dodoma una ndege kutoka Dar es Salaam kupitia Doha, Istanbul au Amsterdam, una hoteli ya usiku mmoja kabla meli haijaondoka (usikubali kufika siku ileile, ndege ikichelewa meli haikusubiri), na una visa. Ukijumlisha vyote kwenye karatasi, lile punguzo linageuka kipande kidogo. Lijumlishe kwanza, ndipo useme ni rahisi.

Kuna gharama nyingine ambayo tangazo haliwezi kuijua. Mei ndiyo mwezi Dodoma inapofanya kazi. Ukiwa wizarani, kuomba likizo wakati bajeti ya wizara yako inasubiri kusomwa ni kujitafutia maneno. Ukiwa na biashara ya kulala wageni, chakula au usafiri, kila siku unayokaa baharini ni siku ya mapato mazuri unayoiacha. Mimi nilimwachia mdogo wangu nyumba, na hesabu aliyonikabidhi niliporudi ilikuwa ya haki, ila kusema kweli nisingelifanya kila mwaka. Kwa mfanyakazi wa serikali ningeshauri mwisho wa Agosti au Septemba. Nako kunakuwa na punguzo, ingawa mvua zinakuwa zimeongezeka na theluji ya milimani imeyeyuka.

Sasa, Mei yenyewe ina nini? Ina maji. Fyodi ni ghuba ndefu nyembamba zilizochongwa na barafu ya kale, bahari inaingia ndani kabisa katikati ya milima, na meli kubwa yenye ghorofa kumi inapita chini ya kuta za mawe ikionekana kama mtumbwi. Theluji ya juu inaanza kuyeyuka Mei na Juni, na yote inashuka kama maporomoko. Kwenye fyodi ya Geiranger, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005, kuna maporomoko saba yaliyopangana yanaitwa Dada Saba. Kwa mwenyeji wa Dodoma, tunaopata mvua isiyofika milimita 600 katika mwaka wa kawaida, kusimama juu ya deki na kuona maji yakimwagika pande zote, hakuna anayeyakinga, ni kitu cha kukufanya unyamaze. Wifi yangu aliuliza tu, "Na haya yote yanaenda wapi?" Yanaenda baharini. Anayekwenda Agosti anaweza kukuta baadhi ya maporomoko hayo yamebaki michirizi.

Ina pia nafasi. Geiranger ni kijiji cha wakazi mia chache tu, na katikati ya msimu meli zaidi ya moja zinaweza kukishushia maelfu ya watu kwa siku. Sisi tulitembea njia ya kupandia kandokando ya maporomoko bila kusukumana na mtu.

Halafu Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norwei. Hapa sikutarajia mengi, nikaja kupapenda kuliko pote. Kuanzia Februari wavuvi wanatundika samaki aina ya kodi kwenye vichanja vya mbao, wakauke kwa upepo na baridi, bila chumvi, na ukifika Mei wengi bado wananing'inia. Ni ng'onda kabisa, ila ng'onda wa nchi isiyo na jua kali. Harufu inakupokea kabla hujaona kitu. Tukaambiwa vichwa vyake vinakaushwa peke yake na kuuzwa Nigeria, nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimeanza kujiona niko mwisho wa dunia. Katikati ya Juni vichanja vingi vinakuwa vimeshushwa.

Mwanga ni habari nyingine, na hapa tarehe ni muhimu kuliko bei. Kule Nordkapp, rasi yenye genge la mita 307 iliyoko nyuzi 71 kaskazini, jua haliachi kuonekana kuanzia karibu tarehe 14 Mei hadi mwisho wa Julai. Mji wa Tromsø, nao wa kaskazini, ni kuanzia karibu tarehe 20 Mei. Kwa hiyo meli inayoondoka tarehe 2 Mei na inayoondoka tarehe 18 Mei zinauza vitu tofauti hata kama picha kwenye tangazo ni moja. Mimi ningechukua theluthi ya mwisho ya mwezi bila kusita, hata kwa kuongeza fedha kidogo. Saa sita usiku jua liko palepale juu ya maji, la rangi ya zabibu zilizoiva, na mwili unakataa kulala. Kitambaa cha kufunika macho ni lazima. Waislamu tuliokuwa nao melini walikuwa wamemuuliza sheikh wao kabla ya safari wafuate ratiba ya mji gani kwa maghrib na isha, na nafikiri hilo ni la kuuliza ukiwa nyumbani, si ukiwa kwenye deki.

Yale usiyoyapata Mei uyajue pia. Mianga ya kaskazini, ile mikanda ya kijani angani ambayo kila mtu anaitaja akisikia Norwei, hutaiona. Inahitaji giza, na msimu wake ni kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi. Nimeona watu wazima wakikasirika mapokezi ya meli kwa jambo hili, na hakuna aliyekuwa amewadanganya. Barabara za milimani nazo ni bahati nasibu. Trollstigen, ile yenye kona kumi na moja, na barabara ya kupanda mlima Dalsnibba juu ya Geiranger, zinafungwa kipindi cha baridi na kwa kawaida zinafunguliwa katikati au mwisho wa Mei, kutegemea theluji. Sisi tulikuwa tumelipia Dalsnibba, na asubuhi yake tukaambiwa haijafunguliwa. Fedha zilirudi na tukapanda boti ndogo badala yake. Ukiona kwenye maelezo ya safari ya nchi kavu maneno kwamba inategemea hali ya barabara, yachukulie kwa uzito, na mwezi Mei chagua reli. Treni ya Flåm inapanda zaidi ya mita 860 kwa kilomita 20 tu, na inafanya kazi mwaka mzima.

Jambo moja la tarehe 17 Mei. Ni sikukuu ya katiba yao ya mwaka 1814, maduka yanafungwa, na watoto wanaandamana na bendera, watu wamevaa mavazi ya jadi yenye nakshi. Ikiangukia siku meli yako iko mji wa Bergen, sahau manunuzi na ushukuru.

Watakaokuuzia Machi au Aprili mapema kwa bei ya chini zaidi, waache. Pwani ile ina sehemu zilizo wazi kabisa kwa bahari kuu, na dhoruba za majira ya baridi hazijaisha. Machi 2019 meli ya Viking Sky ilizimikiwa injini kwenye mawimbi ya Hustadvika, sehemu moja ya pwani hiyo iliyo wazi, ikiwa na watu zaidi ya 1,300, na mamia wakatolewa kwa helikopta mmojammoja. Meli ilifika bandarini salama, lakini mimi sitaki punguzo la namna hiyo. Hata Mei, bahari ya wazi kati ya Ujerumani na Norwei inaweza kukulevya. Ndani ya fyodi maji yanatulia kama ya bwawani. Kama boti ya Zanzibar hukulaza chini, omba kabini ya katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na hizo mara nyingi ndizo za bei nafuu.

Baridi je? Watu wananiuliza hili kwa hofu kupita kiasi. Mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unaizuia pwani ile kuganda, kwa hiyo mchana wa Bergen katikati ya Mei unacheza kwenye nyuzi 13 au 14, sawa na alfajiri zetu za Julai hapa Dodoma zinazotutoa na makoti. Tromsø mchana unakaa karibu nyuzi 8, na usiku unakaribia sifuri. Mbaya ni upepo wa kwenye deki meli inapotembea, pamoja na mvua. Bergen inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwamvuli upepo unaugeuza siku ya kwanza. Siku ya Nordkapp wifi alirudi ndani ya basi akatangaza, "Wifi, mimi na hii baridi tuna kesi."

Nguo zote tulizipata mitumba, soko la Sabasaba. Makoti mazito ya Ulaya yanakuja kwenye marobota, na wauzaji wetu wanataabika nayo kwa sababu nani Dodoma atayavaa? Yanunue Januari, kabla hawajaanza kuyapandisha bei kwa baridi ya Juni. Tafuta koti lisilopitisha maji, kubwa kidogo ili sweta liingie ndani, fulana za sufu za kubana mwili, kofia ya kufunika masikio na glavu. Viatu ndivyo pekee ningevinunua vipya. Mguu ukilowa Tromsø siku imeharibika.

Kuhusu visa, chagua njia ya meli kwa kuiangalia hiyo kwanza. Meli inayoanzia Hamburg, Kiel au Copenhagen na kwenda Norwei bara inakuweka ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa ya pamoja, mwanzo hadi mwisho, visa moja inatosha. Inayoanzia Southampton inakuongezea visa ya Uingereza. Inayofika visiwa vya Svalbard ina mtego ambao mawakala wengine hawausemi: Svalbard ni ya Norwei lakini haimo ndani ya Schengen, kwa hiyo ukitoka kwenda huko na kurudi unahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama unapandia meli nchi nyingine. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya kutoka kwao. Alama za vidole utazitoa Dar, na tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 unaweza kwenda na kurudi bila kulala. Mwenye biashara abebe leseni, taarifa za benki na karatasi za kodi. Wanataka kuona kitu kitakachokurudisha nyumbani.

Mpangilio wa malipo ndio unaowaumiza wengi. Maombi ya Schengen yanapokelewa miezi sita kabla ya safari, wakati salio la meli kwa kawaida linadaiwa karibu miezi mitatu kabla. Kwa meli ya tarehe 20 Mei, dirisha la visa linafunguka tarehe 20 Novemba, na salio linadaiwa mwezi Februari. Lipa kishika nafasi peke yake, nacho kiwe cha kurudishwa, na wakala akuandikie kwa barua pepe kinachotokea visa ikikataliwa. Peleka maombi mwanzoni mwa Desemba, kabla ofisi hazijafunga kwa Krismasi. Tiketi ya ndege iwe ya kushikiliwa tu mpaka pasipoti irudi. Februari ikifika na visa huna mkononi, usilipe salio kwa matumaini. Piga simu uulize ada ya kuhamishia Septemba.