Maswali ya wasomaji: Kafiwa na mama, je tumfichie riwaya ya mtoto yatima?

SWALI: Shikamoo shangazi. Dada yangu alifariki baada ya kuumwa muda mrefu na sasa hivi mwanae wa kike, miaka 10, nakaa naye mimi. Tulianza kusoma The Secret Garden, mi nasoma kwa sauti namfafanulia anapokwama, ila siku hizi anakichukua anaenda kusoma peke yake chumbani na mlango anafunga. Toka msiba uishe hajalia mbele yetu hata mara moja. Bibi yake anasema hicho kitabu kinamtonesha kidonda, nikifiche. Mi naona kama kinamsaidia ila sina uhakika. Nifanyeje? – Mjomba mtu

JIBU: Marahaba baba, na poleni sana nyote.

Usikifiche. Mtoto wa miaka 10 anajua vizuri kwamba aliyekufa harudi, hakuna ukurasa humo utakaompa habari mpya, ila ukikificha utakuwa umempa habari moja kubwa, kwamba humu ndani jambo la mama haliongelewi.

Alafu angalia mwenyewe anachosoma. Frances Hodgson Burnett alitoa hiyo riwaya mwaka 1911, na yeye alishazika mtoto wake wa kiume mwaka 1890, kwahiyo hakuandika msiba wa kusikia. Mary, yule binti wa kwenye stori, wazazi wake wanakufa kwa kipindupindu, watu nyumbani wanakimbia wanamsahau kabisa, na yeye halii! Ni mkaidi, ana kisirani, hapendeki. Sasa mtoto ambaye kila mgeni anamkagua kama kalia au hajalia, akikutana na mwenzake asiyelia na stori inaendelea kumfuata hivyo hivyo alivyo, we unafikiri ataacha kufunga mlango? Watoto huzuni yao inakuja vipande vipande, leo anacheka na wenzake, kesho katikati ya kula anakuuliza mama alivaa nini siku ile. Usione hakumpenda.

Mlango uache. Muda wa kuwa peke yake si ugonjwa. Ila kama hali wala halali wiki zinapita, au marafiki anawakwepa wote, tafuta mshauri wa watoto, na akisema anataka kumfuata mama usisubiri hata siku moja.

Sehemu ambayo mi ningekaa nayo macho ni ile ya Colin, na hapa bibi ana pointi hata kama hajui iko wapi. Colin, binamu yake Mary, ni mtoto aliyefichwa chumbani anaamini atakuwa kibyongo na atakufa, baadae anatolewa nje bustanini, anasimama, anatembea, na kitabu kinatuambia ni nguvu ya kuamini. Inapendeza sana kuisoma kama hujafiwa. Lakini binti ambaye mama yake kaugua muda mrefu akafa anaweza kujiuliza kimyakimya, kwani mama hakuamini vya kutosha? Au mimi ndo sikuomba vizuri? Watoto wanajibebesha lawama za ajabu, wengine wanakumbuka neno baya walilosema siku fulani wakadhani ndo limeua. Kwahiyo mkifika hapo, au kama keshapita rudini, mwambie waziwazi: mgongo wa Colin haukuwa na kasoro, alikuwa na hofu na kulazwa kitandani miaka yote, mama yako alikuwa na ugonjwa wa kweli na hakuna alichosema au kufanya mtu yeyote humu ndani kilichomuua. Mwambie hata kama hajauliza.

(Na ile dharau ya Mary kwa watumishi wa Kihindi mwanzoni, stori ikianzia India, msiipite kimya, ni fikra za kikoloni hizo.)

Ukipata nafasi msomee na bibi, kwa heshima zote, zile kurasa za baba yake Colin. Mkewe kafa, bustani kaifunga, ufunguo kaufukia ardhini miaka 10, mwanae hataki hata kumtazama akiwa macho. Mzee anaumia kwelikweli lakini anayelipa ni mtoto. Nahisi bibi naye anamlilia binti yake na hiyo riwaya inamgusa yeye kuliko mjukuu, kwahiyo kuwa mpole naye.

Usimuulize maswali ya mtihani, eti umejifunza nini. Muulize tu amefika wapi.

SWALI: Shangazi, wangu ana miaka 4, babu yake kafariki, nimwambie amelala? – Mama wawili

JIBU: Hapana mama, atagoma kulala! Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu. Atakuuliza tena kesho babu anarudi lini, umri huo wengi bado wanadhani kifo ni safari, we jibu vilevile bila kukasirika. Riwaya ndefu bado, tafuta kitabu cha picha kifupi kinachotamka neno kufa bila kuzunguka.