Re: Draivu inakata, inaandika mota imekwama

Mkuu, umesema draivu (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) inakata na kuandika mota imekwama. Kwa kuwa konveya (mkanda wa kusafirisha mizigo) tupu inazunguka na inakwama ikibeba mzigo tu, usikimbilie kupandisha kikomo cha ampea (mkondo wa umeme) kwenye draivu, utaunguza mota. Zima umeme, subiri kapasita za draivu (sehemu zinazohifadhi umeme) ziishe chaji, kisha zungusha shafti ya mota kwa mkono. Ikiwa nzito, kagua beringi, giaboksi na breki, maana breki isiyoachia vizuri husumbua sana.

Ikiwa nyepesi, fungua boksi la nyaya la mota. Delta na sta ni njia mbili za kuunganisha nyaya hizo. Mota ya kufungwa delta ikifungwa sta, torki (nguvu ya kuzungusha) hushuka hadi takriban theluthi moja: tupu itazunguka, mzigo itashindwa. Halafu linganisha namba za kwenye kibao cha mota na parameta (mipangilio) za draivu, kisha refusha muda wa kupandisha kasi. Tuandikie ampea unazosoma inapokwama.