Dada, Tatizo Si Mkono Wako, Ni Maji

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia: "Nimeoka mkate mweupe mara tatu, mara zote umetoka tofali. Nadhani sina mkono wa mapishi." Nilisoma ujumbe ule nikashindwa kulala. Maneno hayo ya kukosa mkono niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele za watu.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Wageni wa upande wa mume walikuwa wanakuja, nami nikajitapa kwamba mkate wa chai nitauoka mwenyewe, ilhali sikuwahi kuoka hata mmoja. Nikamwagia hamira maji yaliyotoka kuchemka, nikiamini joto ndilo linaloiamsha. Nikakanda dakika tatu, nikafunika, nikangoja nusu saa. Donge halikusogea. Wageni walishabisha hodi, nikalitia kwenye oveni hivyo hivyo. Wifi yangu alichukua kipande, akakigonga mezani, akauliza, "Wifi, huu ni wa kula au wa kujengea?" Wakacheka wote, isipokuwa mama mkwe. Yeye alichovya kipande chake kwenye chai akakimaliza kimya kimya, na mpaka leo namwombea heri kwa hilo. Lakini kile kicheko hakijanitoka.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo inayoliinua donge. Maji yakikaribia nyuzi 60 za Selsiasi inakufa. Mimi niliiua kabla sijaanza kukanda, halafu nikakaa kungoja maiti iamke! Maji yawe vuguvugu, ya kutia kidole bila kushtuka. Basi.

Vipimo vyangu havibadiliki: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 310, hamira kavu gramu 7, chumvi gramu 9, sukari kijiko kimoja cha chakula, mafuta vijiko viwili. Tumia mizani ukiweza, maana kikombe cha unga ulioshindiliwa na cha unga uliochekechwa havilingani.

Kisha kanda. Dakika 10 mpaka 12, si tatu kama nilivyofanya mimi. Donge litanata, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaongeza unga, linanata tena, wanaongeza tena, mwisho mkate unakuwa mkavu na mzito. Usiongeze. Lifunike lipumzike dakika 10, urudi ukande. Chukua kipande kidogo ukivute taratibu; kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga, umekanda vya kutosha. Utando huo ndio unaoshika hewa. Bila huo, hewa inatoroka hata hamira iwe nzuri namna gani.

Baada ya hapo, achana na saa. Siku ya joto donge huumuka kwa saa moja, siku ya baridi hata mbili. Tazama donge lenyewe mpaka liwe maradufu. Litoe hewa, likunje, liweke kwenye chombo cha kuokea liumuke tena. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, oka, likiruka haraka, bado. Nyuzi 200, dakika 30 mpaka 35, na ukiugonga mkate upande wake wa chini utoe mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Uache upoe kabla ya kukata. Najua harufu inavyotesa, lakini uache.

Mimi nilirudia kila Jumamosi alfajiri kwa miezi, kabla mtu hajaamka. Mwezi uliopita wifi yule yule alinipigia: "Wifi, nielekeze na mimi." Nilimwelekeza mwanzo mpaka mwisho, na sikumkumbusha lolote. Ila baada ya kukata simu nililia kidogo.

Kwa hiyo acheni kujihukumu, jamani! Huu ni unga, maji, hamira na chumvi, na mtu yeyote anayejitegemea jikoni anapaswa kuuweza. Hakuna aliyezaliwa na mkono wa mkate. Mkono unapatikana kwa kukanda, na kukanda tena.

Yule dada nilimjibu kwa swali moja tu: maji unayatoa wapi? Asubuhi hii amejibu: "Kwenye chupa ya chai." Jioni anakanda upya.