Wasomaji Wanauliza: Kutembea Daraja la Tanzanite

Mama yangu ana miaka 62 na magoti yanamsumbua. Ameambiwa atembee, ila mchanga wa ufukwe wa Coco unamchosha. Je, darajani patamfaa?
*Msomaji, Tabata*

Patamfaa, mradi asitake kulimaliza siku ya kwanza. Daraja hili la Dar es Salaam lina kilomita 1.03, toka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach, na pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu. Pale mguu hauzami. Kwenye mchanga kifundo hupinda kila hatua, na goti ndilo linalofanya kazi ya kuuweka mwili sawa.

Kwa mwendo wa taratibu, kilomita moja ni kama dakika 20. Wiki ya kwanza mama aende dakika 10 akiangalia saa, kisha ageuze, siku 3 au 4 kwa wiki. Wengi huharibu hapo kwenye kugeuza: wanahesabu kwenda, wanasahau kurudi, na katikati ya daraja hakuna kivuli wala pa kupandia daladala. Akiamka kesho yake goti linauma kuliko jana, apunguze nusu. Likivimba au likiwa la moto, apumzike na arudi kwa daktari.

Kurudi huwa nahema kwa upepo, na siku nyingine kuna harufu nzito. Nitembee saa ngapi?
*Msomaji, Upanga*

Anza kwa kuangalia msimu. Daraja limelala karibu kusini-kaskazini, Aga Khan ikiwa kusini na Coco kaskazini. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, kama Juni hadi Agosti, ukianzia Aga Khan unasukumwa mgongoni wakati bado una nguvu, kisha upepo unakukabili ukiwa umechoka. Basi msimu huo anzia Coco. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika, Desemba hadi Februari, anzia Aga Khan. Ni jambo dogo, lakini wapo walioacha mazoezi kwa sababu yake wakidhani ni umri.

Harufu ni ya Mto Msimbazi. Mto unamwaga maji yake hapo karibu, chini ya daraja la Salenda, pamoja na taka ulizozoa mjini kote. Maji yakipwa, tope hubaki wazi na jua hulichemsha. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa alfajiri na tena alasiri, halafu hupwa sana kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Siku hizo toka saa 12 na nusu asubuhi, au subiri saa 11 jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo angalia jua tu: saa 2 asubuhi uwe umeshamaliza. Beba nusu lita ya maji kwa kila saa. Dafu la Coco ni zuri, ila linywe baada ya kutembea. Hilo na sahani ya mihogo havikupi mwendo wa kurudi.

Nilinunua raba za mtumba, safi kabisa, soli ikabanduka siku ya pili. Nimeibiwa?
*Msomaji, Kinondoni*

Huenda muuzaji naye hakujua. Lile povu la ndani ya soli huchakaa kwa miaka hata kiatu kikiwa kabatini, na gundi hukauka. Kabla ya kulipa, bonyeza povu kwa ukucha wa gumba: likimegeka au likitoa unga, rudisha. Kisha kikunje. Kiatu cha kutembelea hupinda kwenye vidole. Kikipinda katikati kama chapati, kiache. Mwisho kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, utaurithi mwendo wa mwenyewe wa kwanza, pamoja na maumivu yake.

Malengelenge ya kisigino hutokana na mguu kuteleza ndani ya kiatu. Kaza kamba hadi tundu la juu kabisa, na usivae soksi nzito ya pamba, inashika jasho.

Naweza kwenda na kigari cha mtoto?
*Msomaji, Mikocheni*

Ndiyo. Penye maungio ya daraja pita moja kwa moja, si kwa mshazari, magurudumu madogo yasije yakanasa. Na usimfunike mtoto kwa khanga kuzuia jua: hewa haipiti, na ndani mnakuwa na joto kuliko nje. Tumia mwavuli.